Patsy Mink na Sheria Isiyotaja Michezo

Nilisoma katika shule moja ya upande wetu wa Muthara, Tigania Mashariki, ambayo jina lake sitalitaja. Muhula wa michezo ulipofika, sisi wavulana tulipandishwa lori tukaenda kushindana na shule nyingine za Meru. Wasichana walibaki. Waliambiwa kwamba fedha za mafuta na chakula hazikutosha timu mbili, na kwamba zamu yao ingefika mwaka ujao. Katika darasa letu alikuwako msichana mmoja aliyetushinda sote, mimi nikiwamo, kila tulipokimbia kuuzunguka uwanja. Miaka minne ilipita na lori halikumchukua hata siku moja. Hakuna aliyemwambia kwamba msichana haruhusiwi kukimbia, wala hapakuwa na kanuni ya shule iliyosema hivyo. Kilichomzuia ni daftari la matumizi.

Nililikumbuka lori hilo hivi majuzi nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa isimu jinsi lugha ya sheria inavyoundwa. Nilikuwa nimechagua, kama mfano, kifungu kimoja cha sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka 1972, kijulikanacho kama Sehemu ya Tisa. Kwa Kiingereza kina maneno 37 tu. Hakitaji michezo, hakitaji mpira, hakitaji riadha wala uwanja. Hata hivyo, ni vigumu kuitaja sheria nyingine iliyoibadilisha michezo ya vyuo kwa kiasi hicho. Miongoni mwa waliokipigania kifungu hicho alikuwa Patsy Takemoto Mink, mbunge wa Hawaii, aliyefariki mwaka 2002. Kwao ni mtu mashuhuri, na sheria yenyewe sasa inaitwa kwa jina lake. Kwetu, wapo wasichana waliosomeshwa kwa fedha zilizotokana na jitihada zake ilhali jina lake hawajapata kulisikia. Nimeona heri niyasimulie maisha yake, kwa kuwa yana funzo ambalo walimu na wanafunzi wetu wanalihitaji.

Alizaliwa tarehe 6 Desemba 1927 katika kisiwa cha Maui, Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ukoo wake ulitoka Japani nyakati zile mashamba ya miwa ya Hawaii yalipokuwa yakitafuta vibarua ng'ambo. Babake alikuwa amesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Hawaii na kazi yake ilikuwa kupima ardhi. Hawaii ilikuwa milki ya Marekani, na haikufanywa jimbo kamili hadi mwaka 1959. Patsy alikuwa ametimiza miaka 14 siku moja tu kabla ya ndege za Japani kuishambulia bandari ya Pearl Harbor mnamo Desemba 1941. Baada ya hapo kila mwenye asili ya Kijapani alitazamwa kwa shaka. Babake alichukuliwa usiku akahojiwa, kisha akaachiliwa. Msichana huyo alijifunza mapema kwamba mtu anaweza kuwa raia kwa karatasi na mgeni machoni pa jirani zake.

Katika shule ya upili ya Maui alichaguliwa kuwa kiongozi wa wanafunzi, msichana wa kwanza kushika wadhifa huo shuleni hapo, na mwaka 1944 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alicheza mpira wa vikapu pia. Lakini wasichana waliruhusiwa kucheza kwenye nusu ya uwanja tu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba uwanja mzima ungewachosha kupita kiasi. Wavulana walikuwa na uwanja wote. Jambo hilo dogo linafaa kukumbukwa, maana hata hapo hakuna aliyekatazwa kucheza. Aligawiwa nusu tu.

Alipokwenda bara kuendelea na masomo, alijiunga na Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1947. Huko alikuta kwamba wanafunzi wasio Wazungu hawaruhusiwi kukaa katika mabweni ya kawaida. Waliwekewa nyumba yao kando. Aliandika barua, akawakusanya wanafunzi, wazazi na waliowahi kusoma hapo, na kabla ya mwaka kwisha chuo kikaufuta ubaguzi huo. Ugonjwa ulimrudisha Hawaii, ambako alihitimu mwaka 1948 katika elimu ya wanyama na kemia. Nia yake ilikuwa kuwa daktari. Aliomba nafasi katika vyuo vingi vya utabibu, na vyote vikamkataa. Vyuo vya wakati huo viliwachukua wanawake wachache mno, na vingine havikuwachukua kabisa. Wala havikuona haya kufanya hivyo, maana hapakuwa na sheria ya kuvizuia.

Aliugeukia uanasheria. Chuo Kikuu cha Chicago kilimpokea, na inasemekana kilimhesabu katika nafasi za wanafunzi wa kigeni kwa kudhani kwamba Hawaii ni nchi ya nje. Alihitimu mwaka 1951, akaolewa na John Mink, msomi wa miamba na maji, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Gwendolyn. Kampuni za mawakili hazikutaka kumwajiri mwanamke mwenye mume na mtoto. Aliporudi Hawaii, alizuiwa hata kufanya mtihani wa uwakili kwa hoja kwamba mke ni mkazi wa kwao mumewe, na mumewe alitoka Pennsylvania. Aliipinga kanuni hiyo akaishinda, akafaulu mtihani, na mwaka 1953 akawa mwanamke wa kwanza wa asili ya Kijapani kuwa wakili Hawaii. Kwa kuwa hakupata mwajiri, alifungua ofisi yake mwenyewe.

Aliingia katika bunge la Hawaii mwaka 1956. Mwaka 1964 alichaguliwa kwenda Washington, na Januari 1965 akawa mwanamke wa kwanza asiye Mzungu kukaa katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Humo aliichagua kamati ya elimu kuwa uwanja wake.

Hapa inafaa kusimama kidogo tuitazame sheria ilivyozaliwa. Mwaka 1970 mbunge mwenzake, Edith Green wa Oregon, aliendesha vikao vya kusikiliza malalamiko kuhusu ubaguzi wa wanawake katika elimu. Wanawake walifika mbele ya kamati wakaeleza: huyu alinyimwa nafasi ya kusoma, huyu alinyimwa cheo cha uhadhiri, huyu alilipwa pungufu ya mwanamume mwenye shahada kama yake. Ushahidi huo ulijaza zaidi ya kurasa elfu moja. Sisi watu wa Meru tunajua kinachotokea sheria ya wanawake inapotungwa bila wao. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wanaume watupu, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi, wale walioitwa Ngaitana, waliikaidi amri hiyo kwa kujitahiri wenyewe. Amri ilikuwako, lakini hawakuwa wameulizwa neno. Sheria ya Bi. Green na Bi. Mink ilianzia upande wa pili, kwa wanawake wenyewe kueleza yaliyowapata. Naye Bi. Mink hakuhitaji kuelezwa na mtu mlango wa chuo unavyofungwa, kwa kuwa alikuwa amefungiwa.

Katika Seneti hoja hiyo ilisimamiwa na Birch Bayh wa Indiana. Rais Nixon aliitia sahihi tarehe 23 Juni 1972. Maana yake kwa ufupi ni kwamba mtu yeyote nchini humo, kwa sababu ya jinsia yake, asitengwe, asinyimwe manufaa, wala asibaguliwe katika mpango wowote wa elimu unaopokea fedha za serikali kuu. Wanafunzi wangu waliona haraka mambo mawili. La kwanza ni kazi ya neno wowote. Aliyeandika wowote hahitaji kuorodhesha maabara, bweni, maktaba na uwanja, kwa kuwa vyote vimo. La pili ni kwamba vitenzi vyote vitatu viko katika hali ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Sheria inaanza kwa yule aliyenyimwa. Hatujaombwa kwanza tumtafute mwovu aliyekusudia ubaya. Katika shule yangu usingempata mwovu huyo. Ungempata mwalimu mpole mwenye daftari na fedha chache.

Mwaka 1972 wabunge wengi walidhani wanapitisha sheria ya darasani. Wakuu wa michezo ya vyuo walipogundua kwamba uwanja nao umo, vita vikaanza. Mwaka 1974 Seneta John Tower wa Texas alitaka michezo inayoingiza fedha iondolewe katika sheria hiyo. Shabaha ilikuwa kuikinga kandanda ya Kimarekani, ambayo ilikuwa ikimeza sehemu kubwa ya bajeti. Hakufaulu. Mwaka 1976 chama kinachosimamia michezo ya vyuo kilikwenda mahakamani, nacho hakikufaulu.

Siku ngumu kuliko zote kwa Bi. Mink ilikuwa ya Julai 1975. Kanuni za kuitekeleza sheria zilikuwa zimetolewa, na baadhi ya wabunge wakaleta kipengele katika muswada wa fedha ili kuzidhoofisha. Bi. Mink alikuwa amehesabu kura na kujua kwamba tofauti ingekuwa ya mtu mmoja. Wakati wa kura ukikaribia, akaletewa habari kwamba binti yake, aliyekuwa mwanafunzi chuoni huko Ithaca, New York, amepata ajali mbaya ya gari. Aliondoka bungeni mara moja kwenda kwa mwanawe. Kura zikapigwa, na kipengele kikapita kwa 212 dhidi ya 211. Siku iliyofuata Spika Carl Albert na wenzake walieleza kilichotokea, kura ikarudiwa, na upande wa Bi. Mink ukashinda kwa 215 dhidi ya 178. Binti alipona, naye baadaye akawa profesa na mwandishi. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi haki ya mamilioni ya watu inavyoweza kuning'inia kwenye kiti kimoja kilicho kitupu.

Kanuni zile zilileta nini katika michezo? Hazikusema kwamba kila shilingi ya wavulana lazima ilingane na shilingi ya wasichana. Zilisema kwamba fedha za ufadhili wa wanamichezo zigawanywe kulingana na idadi ya wanaoshiriki kutoka kila jinsia. Zikataka pia vitazamwe vifaa, saa za mazoezi, usafiri na posho za safari, makocha, vyumba vya kubadilishia nguo na matibabu. Mwaka 1979 serikali ilieleza njia tatu za chuo kujitetea. Kionyeshe kwamba idadi ya wanamichezo wa kike inakaribiana na sehemu yao katika chuo kizima, au kwamba kimekuwa kikiwaongezea nafasi mwaka hata mwaka, au kwamba haja zao zimetimizwa kikamilifu. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu iliamua kwamba aliyebaguliwa anaweza kukishtaki chuo yeye mwenyewe. Kesi hiyo ililetwa na mwanamke aliyenyimwa nafasi ya kusomea utabibu, na miongoni mwa vyuo alivyovishtaki ni Chuo Kikuu cha Chicago, kile kile alikosomea Bi. Mink. Aliyekataliwa mwaka 1948 hakuwa na pa kwenda. Huyu wa 1979 alikuwa na pa kwenda.

Matokeo yanaonekana kwa hesabu. Mwaka wa masomo wa 1971 hadi 1972, wasichana waliocheza katika shule za upili za Marekani hawakufika 300,000. Miaka ya karibuni wamezidi milioni 3. Vyuoni walikuwa takriban 30,000, nao sasa wanapita 200,000. Hata hivyo tusiifanye habari hii kuwa ngano. Wanaume bado wanapata fungu kubwa zaidi la fedha za michezo katika vyuo vikubwa. Vyuo vingine vilifuta timu ndogo za wanaume, kama za mieleka, vikaitupia sheria lawama ilhali timu ya kandanda haikuguswa. Na zaidi ya hayo, wakati sheria inapitishwa, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake zilikuwa na makocha wanawake. Sasa hawafiki nusu. Fedha zilipoingia, wanaume walizifuata.

Manufaa hayakuishia huko. Mwaka 1972, mwaka wa sheria hiyo, timu yetu ya kupokezana vijiti ilishinda dhahabu ya mita 400 mara nne huko Munich, na wawili kati ya wale wanne, Julius Sang na Robert Ouko, walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha North Carolina. Wanaume wa Kenya walikuwa wamekwisha kuipata njia hiyo ya miguu kuwalipia masomo. Dada zao waliipata vyuo vya Marekani vilipolazimika kuwatafutia wanawake fedha. Sally Kipyego alisomea Texas Tech akatwaa mataji tisa ya vyuo, kisha akashinda fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Sharon Lokedi alisomea Chuo Kikuu cha Kansas, akawa bingwa wa vyuo wa mita 10,000 mwaka 2018, na mwaka 2025 akashinda mbio za Boston. Sheria ya watu wengine ndiyo iliyowalipia karo.

Na sheria yetu je? Wanawake wa kwanza wa Kenya walishiriki Olimpiki mwaka 1968 huko Mexico, mwaka ule ule Naftali Temu alipotuletea dhahabu ya kwanza. Dhahabu ya kwanza ya mwanamke, ya Pamela Jelimo, ilipatikana Beijing mwaka 2008. Ni miaka 40. Atakayesema kwamba wasichana wetu hawakuwa na mbio aniambie waliwekewa malori mangapi katika miaka hiyo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinawapa wanawake na wanaume haki ya kutendewa sawa, pamoja na fursa sawa katika siasa, uchumi, utamaduni na jamii. Kinaagiza pia kwamba vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Bunge lilishindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo, hata Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Maneno tunayo, tena ni mengi kuliko 37. Kinachotupungukia ni lile jambo ambalo sheria ya Bi. Mink ililishika tangu mwanzo, yaani kuifunga haki pamoja na fedha, ili anayezipokea fedha za umma awajibike kuonyesha amezigawa vipi.

Bi. Mink mwenyewe hakuona kazi yake kuwa imekwisha siku ya sahihi ya Rais. Mwaka 1974 alifaulu kupitisha sheria nyingine, ya kutenga fedha za kuondoa ubaguzi katika vitabu vya kiada na mafunzo. Mwaka 1976 aliwania useneta akashindwa, akafanya kazi serikalini, akarudi nyumbani kuwa diwani wa Honolulu, na mwaka 1990 akachaguliwa tena kwenda Bungeni. Alifariki huko Honolulu tarehe 28 Septemba 2002 kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 74. Jina lake lilikuwa limekwisha kuchapishwa kwenye karatasi za kura, na Novemba wananchi wakamchagua hivyo hivyo, marehemu. Mwaka 2014 alitunukiwa nishani ya juu kabisa anayopewa raia nchini humo. Na ugomvi haujakwisha. Mwaka 2025, vyuo vya Marekani viliporuhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, swali lililozuka mara moja ni kama malipo hayo nayo yatafuata Sehemu ya Tisa.

Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu wa shule na vyuo jambo moja lisilogharimu chochote. Mwisho wa kila muhula, bandikeni ubaoni karatasi yenye hesabu nne: wasichana na wavulana walioandikishwa, waliocheza katika timu, shilingi zilizotumika kwa sare na vifaa vya kila upande, na safari zilizofanywa na kila upande. Wanafunzi waisome. Mwalimu wa hesabu aitumie kufundishia uwiano, na mwalimu wa uraia aitumie kufundishia Katiba. Daftari linalosomwa na wote haliwezi kuficha neno mwaka ujao kwa miaka minne.

Desemba iliyopita nilimkuta sokoni Muthara yule mwenzangu aliyekuwa akitushinda mbio. Ana binti katika shule ile ile. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, kisha akaniuliza kama wasichana wa siku hizi hupelekwa mashindanoni. Nilikuwa sijui. Nilikwenda kumuuliza mwalimu wa michezo, kijana mpole, naye akanijibu kwa unyofu kabisa kwamba hupelekwa, ikiwa fedha zimesalia baada ya safari ya wavulana.